Posa ya Mchoro wa Belyse

Jumatatu, 22 Septemba

Madamu Générose ametoa amri. Kila anayefundisha shuleni kwake aandike amefanya nini na wanafunzi wamefika wapi. Nimemwandikia mistari mitatu ya Kinyarwanda, safi, yenye heshima kama shati la Idi. Yaliyobaki nayaweka humu kwa Kiswahili, ambacho yeye anakisikia sokoni tu na hakisomi.

Kichekesho chenyewe ni hiki. Mimi Ismaël, niliyeachana na shule darasa la nne kwa sababu mwalimu na mimi hatukuelewana nani kati yetu anajua zaidi, nimekuwa mwalimu. Mwalimu wa kusema. Madamu alinisikia mwezi wa saba kwenye posa ya mpwa wake kule Gahanga, nikiwa msemaji wa upande wa msichana. Watu wa pwani wanatuma mshenga. Huku kwetu posa ni mchezo wa hadharani: kila upande una mzee wake, na wazee hao wanarushiana maneno mpaka jua linachoka. Siku ile niliwaambia wageni kwamba hatuna binti, kwamba yule waliyemwona kisimani alikuwa kivuli cha mgomba, na kwamba kwa sura ya bwana harusi wao hata mgomba ungesita. Watu walilia kwa kucheka. Baada ya chakula Madamu akanifuata.

Ana shule ndogo ya sanaa huko Gisozi, juu kidogo ya karakana za Agakiriro. Vijana wake wanachora, anasema, lakini mgeni akisimama mbele ya mchoro na kuuliza maana yake, wanatazama viatu vyao. Tarehe kumi na tatu Desemba kuna maonyesho. Anataka kila mmoja aweze kueleza kazi yake mwenyewe. Nikauliza wanachora nini. Akasema dhahania. Nikasema hakuna shida. Nilidhani ni aina ya maua.

Jumatano, 24 Septemba

Si maua. Dhahania ni mchoro usio wa kitu. Ukitafuta mtu, hayupo. Nyumba, hakuna. Kuna mmoja unaofanana na kitambaa cha fundi pikipiki baada ya siku ngumu, na kijana aliyeuchora, Hirwa, amesimama kando yake anatabasamu kama amenunua shamba.

Nimeuliza mmoja mmoja: hii ni nini? Viatu. Viatu. Viatu. Kuna viatu vizuri katika shule hii.

Hirwa peke yake alijibu. Alisema ni hisia. Nikamuuliza hisia ya nini. Akasema ya ndani. Nikamwambia, kijana wangu, hata kiungulia ni hisia ya ndani.

Jumatatu, 29 Septemba

Mvua ya kwanza. Vumbi la Gisozi limegeuka uji. Dereva wa pikipiki alinishusha chini ya kilima akasema mzee hapo malizia mwenyewe.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo nimewapa kanuni za posa. Ya kwanza: usitoe jibu upesi, maana kinachotolewa upesi hakina thamani. Ya pili: mgeni akikuuliza, muulize yeye amekuja kutafuta nini. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa: mtu hajisemei. Bwana harusi hafungui mdomo, wala bibi harusi. Anayejisemea mwenyewe ni mlevi au mtu wa redio. Kwa hiyo nimewagawa wawili wawili, kila mmoja awe msemaji wa mchoro wa mwenzake.

Wamechangamka. Ghafla kila mtu ana mdomo. Hirwa amesema kuhusu mchoro wa mwenzake maneno ambayo hata mimi ningeyaiba.

Mmoja tu hakuchangamka. Ni msichana anaitwa Belyse, amekulia Bujumbura, amerudi huku mwaka jana na anaishi kwa mjomba wake Habumugisha, yule anayeuza vitanda na makabati pale Agakiriro. Anachora juu ya vipande vya plaiwudi ambavyo mjomba hana kazi navyo. Mchoro wake mkubwa ni kijivu juu ya kijivu, na upande wa kushoto mkanda wa njano unaoshuka na kukatika kabla ya kufika chini. Nilimwambia awe msemaji wa kitambaa cha Hirwa. Akakitazama muda mrefu, akasema kwa heshima ya kwao ya kumwita mzee, "Sijui, Muzehe. Si mimi nilikichora."

Nikamwambia ndiyo maana. Akaendelea kutojua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Madamu amenisimamisha mlangoni. Ameniuliza kwa nini wanasemeana. Yeye aliomba wajieleze. Nikamweleza kwamba kwa desturi mtu hajisemei. Akasema hiyo ni ya posa. Nikasema, Madamu, kwani ulinikuta wapi?

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya. Belyse: viatu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilimwomba Mungu msamaha kwa kukosa sala ya Ijumaa msikitini, maana leo yalikuwa majaribio mbele ya wazazi, na Madamu hakuniuliza siku gani inanifaa.

Nianze na utamu. Walikuwa wazuri mno. Mama mmoja aliuliza mchoro wa samawati ni nini, kijana akamjibu, "Mama, umetoka mbali, umepita michoro mingapi bila kuuliza? Kwa nini umesimama kwa huu wetu?" Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Baba mwingine alikuja na uso wa mahakamani, akaondoka akimpiga Hirwa mgongoni. Chumba kilijaa kelele kama harusi. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki na Fanta yangu, nikajiona sultani.

Halafu Habumugisha. Ni mtu mfupi, mzito, suruali yenye vumbi la mbao. Alisimama mbele ya kijivu cha Belyse, akaunganisha mikono nyuma. Hirwa, msemaji wake, akaanza. Akasema hili ni ziwa pale Bujumbura asubuhi ya ukungu, na ule mkanda ni jua linajaribu kutoka, kama binti huyu alivyotoka kule akaja kwetu. Nilitaka kumbusu. Habumugisha mwenyewe alilainika. Akamgeukia Belyse, akauliza kama ni kweli.

Belyse akasema, "Siyo, Tonton," yaani mjomba.

Basi, ni nini? akauliza mjomba. Belyse akatazama viatu. Hapo nilisikia misumeno ya Agakiriro ikilia kule chini, na mtu mmoja akimeza soda. Mjomba akasubiri, na kwa haki niseme alisubiri vizuri. Kisha akasema bila hasira, kama mtu anayepanga safari ya lori, kwamba mwaka mzima anamwona huyu binti akirudi na rangi kwenye kucha na hajawahi kuambiwa anafanya nini. Atakuja tarehe kumi na tatu Desemba. Akielewa, binti aendelee na mwaka wa pili. Asipoelewa, Januari anakaa dukani kuuza vitanda, maana huko angalau kila kitu kina jina.

Wageni walipoondoka Madamu aliniita. Hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Alisema alimuuliza yule baba wa mahakamani mchoro wa Hirwa ulikuwa na rangi gani. Hakukumbuka. Alikumbuka utani wote, neno kwa neno.

Nilimwambia kwamba hata kwenye posa hakuna anayekumbuka gauni. Alinitazama kama mtu aliyenunua kuku akaletewa kengele.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimelala vibaya. Mama watoto ameniuliza nina nini. Nikamwambia kuna binti hataki kusema. Akasema, "Na wewe hujazoea, maskini."

Jumatano, 5 Novemba

Nimeamua kumshughulikia Belyse mwenyewe. Wengine watajimudu. Huyu ana mwezi mmoja na siku chache kati yake na duka la vitanda.

Nilimwekea kiti mbele ya mchoro wake. Nikamwambia, binti, si lazima iwe kweli, iwe tamu tu. Tuseme ni kilima cha Gahanga baada ya mvua, na njano ni njia ya watoto wa shule.

"Siyo, Muzehe."

Nikasema sawa, ni ukuta wa nyumba ya zamani na njano ni mwanga wa mlango.

"Siyo."

Hanibishii kwa kiburi, hilo ndilo linaloudhi. Anasema polepole, kwa huruma, kama muuguzi anayekuambia daktari hajafika.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekuja na maana tatu zilizopikwa vizuri. Mto Nyabarongo. Kanga ya bibi. Moyo wa mtu anayengoja. Hii ya mwisho niliipenda mwenyewe, nikaisema nimefumba macho.

Siyo. Siyo. Siyo.

Halafu akachukua kipande cha bati, akaanza kukwangua ule mkanda wa njano mbele ya macho yangu. Rangi ikatoka vipande. Nikamuuliza kwa nini anaharibu kitu ambacho kina mwezi mmoja tu kabla ya maonyesho. Akasema bado inapiga kelele. Nikamuuliza nani. Akanyoosha kidole kwenye njano.

Nimerudi nyumbani kwa miguu chini ya mvua mpaka barabara ya lami kwa sababu ya hasira. Sasa nina kikohozi, na kikohozi hiki ni cha Belyse.

Jumatatu, 17 Novemba

Kikohozi.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya mawe. Bati za shule zilipigwa mpaka hatukusikiana, na kwa mara ya kwanza mimi na Belyse tulikuwa sawa.

Ilipopungua nilimuuliza kama anataka kwenda dukani kwa mjomba wake. Labda ndiyo siri, labda anataka vitanda na mimi najisumbua bure. Akasema hataki. Alisema hivyo huku akitazama ukuta, na mikono yake ilikuwa inakamua kitambaa cha rangi kama anakamua nguo. Nikamwambia basi msemeshe mjomba wako. Akasema anaogopa akisema vibaya, mjomba ataelewa kile alichosema vibaya, na hicho ndicho kitabaki.

Nikamwambia azungumze kwa sauti.

Jumatano, 26 Novemba

Nimepata. Wallahi nimepata, na sijui kwa nini sikuona tangu mwanzo.

Habumugisha haelewi dhahania, lakini posa anaielewa kama kila mtu katika nchi hii. Basi tutafanya posa. Mchoro utakuwa binti yetu. Yeye aje kama upande wa kiume, na msemaji wake, aombe kuufahamu. Mimi nitakuwa msemaji wa upande wetu. Nitaukataa, nitauficha, nitausifu kidogo kidogo, nitaufunua mwishoni. Mtu akishaomba kitu kwa saa nzima hawezi kusema hakioni.

Nilishuka Agakiriro papo hapo. Habumugisha alikuwa anapima ubao. Nilipomweleza, alicheka mpaka penseli ikamtoka sikioni. Akasema atakuja, na msemaji wake atakuwa Théoneste.

Hapo ndipo niliposikia baridi kidogo. Théoneste aliendesha malori ya Mombasa miaka mingi, na huko njiani alikusanya maneno yote ambayo watu wengine waliyaacha. Tumekutana kwenye posa nyingi. Mara ya mwisho alisema kilemba changu kimevaliwa na mtu asiyekuwepo. Nimekuwa nikitafuta jibu tangu hapo.

Jumatatu, 1 Desemba

Madamu hapendi. Lakini amesikia kwamba watu wa karakana watakuja wengi kwa ajili ya Théoneste na mimi, na ukumbi wake haujawahi kujaa. Amesema fanya, ila Belyse apate nafasi ya kusema. Nimesema bila shaka.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemweleza Belyse. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi yake ni kukaa kimya, na hiyo anaiweza kuliko mtu yeyote Kigali. Akauliza ni nani atasema mchoro ni nini. Nikasema mimi.

"Wewe unajua?"

Nikamwambia nikifika nitajua.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepiga pasi kanzu. Mama watoto amesema Théoneste ataanzia kwenye tumbo langu. Nimetayarisha majibu ya tumbo.

Jumapili, 14 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Ukumbi ulijaa. Maseremala, wachomeleaji, mama wauza chai, wazazi, na wageni wa Madamu wenye miwani. Tulipanga viti pande mbili kama inavyopaswa, mchoro wa Belyse katikati ukutani, umefunikwa shuka. Belyse alikaa nyuma yangu kwenye benchi. Upande wa pili Habumugisha na koti lake la kanisani, kulia kwake Théoneste na fimbo.

Théoneste akaanza. Akasema wamepotelewa na ndama wa kijivu mwenye doa la njano, nyayo zimewaleta hapa. Nikamwambia hapa hatufugi, na kwamba kwa macho aliyonayo angeweza kumpita ndama akamsalimia nguzo. Akasema kweli macho yake yamechoka, maana tangu aingie anajaribu kuona mwisho wa tumbo langu. Nilikuwa na jibu. Nikalitoa. Ukumbi ukavunjika. Tukaenda hivyo, yeye na mimi, kama zamani, na nitasema ukweli kwamba nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mvua zote hizi. Nikavuta shuka kidogo, kona tu. Nikasema hii si ya kila macho. Nikasifu kijivu kama alfajiri, kama jivu la moto wa mama, kama mvi zangu. Nikavuta yote. Watu wakapiga makofi. Nilimwona Habumugisha akiinamisha kichwa, nikajua amenasa.

Halafu Théoneste akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Tumesikia," akasema. "Mna mchoro, na mna binti. Mchoro hatuujui, hata sasa. Binti tunamjua, anakula kwetu. Tumewasikiliza kwa adabu, hatukuondoka. Basi tunaomba binti."

Makofi. Watu wakajipiga mapaja. Wamama wakapiga vigelegele. Na mimi, ambaye nimesimama mahali hapo mara nisizoweza kukumbuka, kila mara upande wa msichana, na kila mara mchezo ukifika hapo neno ni moja tu kwa sababu posa haina mwisho mwingine, nilinyoosha mikono na mdomo wangu ukasema:

"Tumewapa."

Waliposhangilia ndipo nikasikia nilichosema.

Habumugisha akasimama, akavua kofia, akashukuru. Hakuwa anatania. Alisema amefurahi kwamba jambo limekwisha kwa amani, mbele ya watu, na kwamba Belyse ataanza dukani wiki ya kwanza ya Januari. Nikacheka. Nikasema jamani, huu ulikuwa mchezo. Théoneste akasema msemaji akitoa mbele ya watu ametoa, na kwamba nisingependa harusi zote nilizowahi kusimamia ziitwe michezo. Nilimtazama Madamu. Alikuwa ameweka kiganja usoni.

Nikageuka nyuma kumtafuta Belyse, sijui kwa nini, labda nimwambie pole. Hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama katikati, kati ya pande mbili, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama.

"Nauliza," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza. "Huyu Muzehe alitumwa na nani?"

Akanyoosha kidole kwenye kiti changu, akaendelea.

"Msemaji anatumwa na watu wa kwao na msichana. Mimi watu wangu hapa Kigali ni Tonton. Na Tonton amekaa upande ule, anaomba. Sasa upande huu iko nani? Hakuna mtu. Muzehe Ismaël ametoa kitu si chake."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilihisi kama nimevuliwa kanzu. Mbele ya Théoneste, mbele ya wachomeleaji, mtoto ambaye kwa miezi mitatu sikumtoa neno, neno lake la kwanza refu linanifukuza kazi.

Théoneste ndiye aliyecheka kwanza. Akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti, akamwambia Habumugisha kwamba binti amesema kweli, na kwamba hawajapewa kitu chochote isipokuwa kelele. Mtu hawezi kuposa nyumbani kwake mwenyewe.

Habumugisha alifikiri. Akasema, "Haya. Upande huu uko wewe. Sema."

Nilikwenda kusimama nyuma, karibu na kreti za soda, kwa sababu kiti changu kilikuwa hakina maana tena. Kwa hiyo nilisikia kwa nyuma, na kwa hasira, lakini nilisikia.

Hakusema vizuri. Alianza kwa Kiswahili cha Bujumbura, akaingia Kinyarwanda, akarudi. Alisema hajachora kitu. Alitaka kuona kama rangi mbili zinaweza kukaa pamoja bila moja kuimeza nyingine. Kila alipoweka njano, macho yote yalikimbilia njano na kijivu kikafa. Akaipunguza, ikazidi kupiga kelele. Akaikwangua. Akaongeza kijivu, si kimoja, ni vingi, akawaonyesha: hiki kina nyekundu ndani, hiki kina kijani. Alikwangua mpaka siku moja kijivu kikaanza kuonekana na njano bado ipo. Akaonyesha pale inapokatika. Alisema hapo ndipo aliposimama, kwa sababu hapo hajui bado.

Habumugisha alikuwa amesogea mpaka pua yake karibu iguse ubao.

"Kwa hiyo kijivu ni wewe," akasema.

"Siyo, Tonton."

"Njano ni mimi?"

"Siyo."

"Basi njano ni huyu Muzehe." Ukumbi wote ukanigeukia.

Belyse naye aligeuka, akanitazama, akafikiri kwa haki kabisa.

"Siyo," akasema. "Ni njano."

Wakaendelea hivyo, mjomba anauliza, binti anakataa na kueleza, anakataa na kueleza. Watu wakaanza kuondoka kwenda kuona michoro mingine. Niliwasikia wengine wakiuliza, na vijana wangu wakianza ule utani wa kwetu, halafu wakiuacha katikati na kusema hapa nilifanya hivi, hapa nilishindwa. Hakuna aliyeniaga. Théoneste alinipungia fimbo.

Jumatatu, 15 Desemba

Sikwenda. Nimemtumia Madamu ujumbe kwamba kikohozi kimerudi. Amejibu pole, na kwamba ningekuja ningeona jambo la kunifurahisha. Sitaki kufurahishwa.

Mama watoto amesikia habari yote kutoka kwa muuza mkaa. Tangu asubuhi, kila nikimwomba kitu, ananiuliza nimetumwa na nani.

Jumanne, 16 Desemba

Hirwa amekuja kunitazama hapa nyumbani Gitega, ameleta maembe. Anasema Habumugisha alirudi shuleni jana mchana, na leo tena, na kigoda chake mwenyewe kutoka dukani. Anakaa mbele ya kile kijivu, Belyse kando yake, wanabishana. Jana mjomba alisema ni mbao iliyopigwa randa vibaya. Siyo. Leo alisema ni asubuhi. Siyo. Hirwa anasema hakuna aliyemwona Belyse akisema maneno mengi hivyo, na kwamba mengine hayana maana kabisa, lakini anayarudia mpaka yanakaribia.

Nilimuuliza Hirwa kama mjomba ameelewa. Akasema siku zote mbili ametoka pale amekunja uso.

Basi Januari ni vitanda. Nimekula maembe bila kuyasikia ladha.

Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda. Nilijiambia nafuata mwavuli wangu.

Mvua imekatika tangu jana. Njia ya Gisozi imeanza kukauka juu, chini bado inavuta kiatu. Habumugisha nilimkuta mlangoni amebeba kigoda chake begani, anatoka. Nikataka kupita kwa pembeni, akaniita kwa jina. Nikasimama. Nikamuuliza, kwa adabu yote niliyobaki nayo, ameamua nini kuhusu binti.

Akaweka kigoda chini.

"Siku tatu namuuliza," akasema. "Sijaelewa. Ananieleza vizuri, naona anajitahidi, mimi ndiye siingii. Lakini nimeona jambo jingine. Huyu hawezi kukaa dukani. Mteja akisema kabati hili litafaa kwa nguo za watoto, atamwambia siyo, halafu atamweleza kwa nini mpaka jioni. Nitafunga duka."

Nikamuuliza, basi?

"Basi abaki hapa mpaka nielewe. Naona itachukua muda."

Nilimshika mkono. Sikujipanga kufanya hivyo. Akauacha mkono wake kidogo katika wangu, mgumu kama msasa, kisha akaokota kigoda, akakiweka begani.

"Na wewe, Muzehe," akasema, "siku nyingine ukisikia hamu ya kutoa binti, anza na wa kwako."

Wachomeleaji wawili waliokuwa wanapita walisikia. Walicheka kuanzia pale mlangoni mpaka chini kabisa kwenye lami. Nami nilisimama mdomo wazi, bila neno hata moja.

Ndani, Belyse alikuwa juu ya ngazi anashusha ubao wake. Nilimshikia chini. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, mojawapo likiwa samahani, lakini ubao ulikuwa mzito na nilihitaji pumzi. Tulipouegemeza ukutani nilimuuliza pale chini, njano inapokatika, ataweka nini. Sikumpendekezea chochote. Akakuna shavu, akaacha alama ya kijivu, akasema hajui, labda ataikwangua yote aanze upya. Nikasema hapana, usifanye hivyo. Akaniuliza kwa nini. Nikafungua mdomo kumweleza, nikakuta sina maneno yake, nikabaki nanyoosha kidole kama mjinga. Yeye akasubiri. Bado nadhani ananisubiri.

Sasa ni jioni, nimekaa barazani, na jibu la kumrudishia Habumugisha kwa ule utani wake wa mlangoni limekuja lote, pamoja na mkia wake. Ni zuri mno. Lingemkalisha yeye na kigoda chake. Dukani anafunga saa moja. Naenda kuvaa viatu.